Kilichoanguka Kutoka kwa Lori Si Riziki

Leo nina barua mkononi ambayo imeninyima usingizi kwa siku tatu. Imetoka kwa mama mmoja anayeishi kule magharibi mwa nchi, katika maeneo yanakokuzwa miwa. Jina lake nalihifadhi kwa sababu ameniomba nifanye hivyo, na pia kwa sababu mumewe, kama anavyoeleza mwenyewe, hakosi kuisoma safu hii kila Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Mama huyo ana mtoto wa kiume wa miaka 11. Kila jioni mtoto huyo hurudi kutoka shuleni akiwa na miwa miwili au mitatu begani. Hainunui, wala haikati katika shamba la mtu. Trekta linalovuta matrela ya miwa hupita karibu na shule yao likielekea kiwandani, na likifika kwenye mlima hupunguza mwendo. Hapo ndipo watoto hulivamia. Wengine hukimbia kando yake wakivuta miwa iliyochomoza, wengine hudandia nyuma kabisa. Na ile iliyopakiwa ovyo huanguka yenyewe barabarani, ikaokotwa na yeyote mwenye mbio.

Mama amemkanya mtoto hadi akachoka. Lakini kila anapomkanya, baba mtu huangua kicheko na kusema: “Mwache mtoto. Hata mimi nilivuta miwa, na babangu alivuta vilevile. Kilichoanguka ni riziki ya mwenye kukiokota.” Sasa mama anauliza: Je, ni yeye aliye mwoga kupita kiasi, au ni mumewe aliyekosea?

Kabla sijamjibu, sharti nikiri jambo. Mimi pia nilivuta miwa. Nililelewa huko huko, na katika kijiji chetu mvulana ambaye hakujua kuvuta miwa alihesabiwa kuwa msichana. Siku moja baada ya mvua, tulikuwa wanne nyuma ya trela. Mwenzangu mmoja alisitasita kwa sababu barabara ilikuwa na utelezi. Mimi ndimi niliyempigia kelele, “Vuta! Unaogopa nini?” Akavuta. Muwa alioushika ulikuwa umebanwa na mingine, nao haukutoka. Badala yake ulimvuta yeye. Aliteleza akaingia chini ya gurudumu la nyuma. Dereva hakusikia lolote, kwa maana injini ya trekta ilikuwa inanguruma. Alisimama mbele sana, baada ya watu kumkimbilia wakipunga mikono.

Mwenzangu hakufa. Alikatwa mguu wa kulia juu ya goti. Leo ni fundi wa viatu sokoni, ana mke na watoto, na kila ninapoenda nyumbani hunikaribisha chai. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Lakini sauti ile yangu ya “Vuta!” bado naisikia.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria tangu nilipopata barua hii. Siku ile wazee walikusanyika, wakasema mtoto alikuwa mtundu na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi, kesi ikaisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini miwa ile ilikuwa inaning'inia nje ya trela kama nywele zisizochanwa. Hakuna aliyeuliza ilifungwa na nani, au kama ilifungwa hata kidogo.

Laiti wangeuliza, wangegundua kwamba sheria ilikuwa imeshajibu zamani. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika mwaka 1954, kabla hata ya Uhuru. Kifungu chake cha 56 kinakataza gari lolote kutumika barabarani likiwa limepakiwa kwa namna inayohatarisha watumiaji wengine wa barabara au watu walio ndani ya gari hilo. Kisha kinaongeza jambo ambalo wengi wetu hatujalisikia: mzigo wote au sehemu yake ikianguka kutoka kwa gari, kule kuanguka kwenyewe ni ushahidi kwamba gari lilipakiwa kwa njia ya hatari, hadi mwenyewe aithibitishie mahakama vinginevyo.

Hebu litafakari jambo hilo, msomaji wangu. Kwa kawaida anayeshtaki ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Hapa mambo yamegeuzwa. Muwa ukilala pale barabarani, jiwe likidondoka, gunia likipasuka njiani, kitu hicho chenyewe kimekwisha kutoa ushahidi. Mwenye gari ndiye wa kujieleza. Baba wa barua yetu anautazama muwa ulioanguka na kuona riziki. Sheria inautazama muwa ule ule na kuona shahidi wa kosa.

Wala si miwa peke yake. Ukisafiri siku yoyote nchini utayaona. Lori la kokoto linatoka timboni likiwa limejaa pomoni, bila turubai, na kila linaporuka tuta linapukutisha vijiwe kama kuku anayekung'uta mavumbi. Kijiwe kimoja kikipiga kioo cha mbele cha matatu, abiria kumi na wanne hufumba macho, na dereva wao pia hufumba macho, jambo ambalo ndilo baya zaidi. Lori la mchanga nalo humwaga mchanga kwenye kona, na jioni kijana wa bodaboda akipita hapo na abiria, pikipiki humtoroka. Watu watasema alikuwa anaendesha kwa kasi. Ni nani atakayekumbuka kwamba mchanga ule haukuota pale?

Kuna na yale yanayovuja. Lori la samaki linadondosha maji yenye harufu kuanzia mjini hadi kijijini. Gari la kunyonya maji machafu ya vyoo lina mpira uliochakaa. Lori la taka halina mlango wa nyuma, na mifuko inapepea hadi kwenye nyua za watu. Kanuni za taka zilizotolewa nchini mwaka 2006 ziliagiza kwamba taka zisafirishwe kwa namna ambayo hazitatawanyika, hazitatoroka, wala hazitachuruzika, na kwamba gari lenyewe liwe katika hali ya kuzuia hayo pamoja na uvundo. Hata dizeli inayodondoka kidogo kidogo kutoka kwenye tangi lisilofunikwa vyema si jambo dogo. Hufanya barabara iteleze kama sabuni, hasa kwenye mizunguko, na tena huilainisha lami hadi ikaanza kubanduka. Shimo unalolilaani kila asubuhi huenda lilianza kwa tone.

Kwa nini mzigo uanguke? Jibu si uchawi. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa likifungwa breki ghafla, magurudumu husimama, lakini mzigo haujaambiwa. Unataka kuendelea na safari. Kwenye kona, gari hupinda nao mzigo hutaka kwenda moja kwa moja. Kamba, mnyororo, kabari na turubai ndivyo vinavyoupa mzigo habari kwamba gari limesimama au limepinda. Bila hivyo, vyuma huingia hadi kwenye chumba cha dereva, magogo hubingirika, nalo kontena ambalo halikufungwa kwa kufuli zake katika pembe zote nne huanguka juu ya gari lililo kando yake.

Mzigo wa maji maji ndio mjanja zaidi. Tangi lililojaa nusu huwa gumu kulidhibiti kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kilichomo ndani kina nafasi ya kuyumba. Gari likiingia kona, mafuta hukimbilia upande mmoja na kulisukuma gari lipinduke. Ndiyo maana matangi mengi hugawanywa ndani kwa vyumba na kuta zenye matundu, ili kupunguza mawimbi hayo. Lakini kuta hizo hazimsaidii dereva anayeteremka mlima mbiombio.

Na hapa, msomaji wangu, kicheko cha miwa kinaisha. Maana mazoea ya kuona riziki katika kilichoanguka hayakomei kwenye miwa.

Jumamosi ya Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Petroli ikamwagika. Watu wakaja na mitungi, ndoo na sufuria, wakubwa kwa wadogo. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 waliangamia. Wengi waliteketea hata wasiweze kutambuliwa na jamaa zao, wakazikwa pamoja katika kaburi moja. Tukalia, tukaomba, tukasema haitatokea tena. Julai 17, 2021, lori la mafuta liligongana na gari jingine huko Malanga, katika Kaunti ya Siaya. Watu wakaja na mitungi. Wasiopungua 13 wakafa.

Majirani zetu nao wana makovu yao. Huko Sange, mashariki mwa Kongo, zaidi ya watu 200 walikufa Julai 2, 2010, baada ya lori la mafuta kupinduka kijijini. Huko Morogoro, Tanzania, moto uliotokea Agosti 10, 2019, kwa namna iyo hiyo ulimaliza maisha ya zaidi ya watu 100. Mahali ni tofauti, miaka ni tofauti, lakini kisa ni kile kile: kilichoanguka kimeonekana kuwa riziki.

Sikusudii kuwacheka waliokufa. Anayekaa kando ya barabara akihesabu shilingi za unga, kisha akaona lita elfu kadhaa za mafuta zikitiririka mtaroni, hajaona mafuta. Ameona karo ya mtoto. Nani kati yetu hajawahi kubanwa? Lakini petroli ina tabia ambayo macho hayaioni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini kama nyoka, hufuata mitaro na mabonde, na unaweza kukutana na cheche mbali sana na lori lenyewe. Sigara moja, pikipiki moja inayowashwa, jiko moja la kioski, basi. Anayechota anadhani moto uko mbali, kumbe amesimama ndani yake.

Utaniuliza, ikiwa sheria iko tangu 1954, mbona mizigo bado inaanguka? Niliwahi kumwuliza dereva mmoja wa masafa marefu swali hilo tulipokuwa tunakunywa chai katika hoteli moja ya kando ya barabara. Alinitazama kama anayemtazama mtoto. Akaniambia: “Mimi nalipwa kwa safari. Nikikaa saa nzima nafunga kamba, safari yangu inachelewa. Turubai likiraruka, tajiri hanunui jingine hadi mvua iloweshe mzigo wake. Na kule kwenye mizani wananipima uzani, hawanipimi kamba.”

Maneno yake yana ukweli. Katika vituo vya mizani kama Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, hofu kuu ya dereva ni uzani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa zaidi lenye ekseli saba, na anayezidisha hutozwa. Hilo ni jema, kwa maana barabara zetu zilijengwa kwa jasho na madeni. Lakini lori linaweza kuwa na uzani halali kabisa na bado likawa jeneza linalotembea, kwa sababu tu kamba moja imelegea.

Wenzetu wa Marekani hawakuliachia jambo hili wema wa dereva. Kanuni za serikali yao kuu zinataka nguvu za minyororo na mikanda yote inayofunga mzigo, zikijumlishwa, zisipungue nusu ya uzani wa mzigo huo. Yaani zigo la tani kumi lifungwe kwa vitu ambavyo kwa pamoja uwezo wake ni tani tano au zaidi. Tena dereva anatakiwa asimame na kuukagua mzigo wake kabla ya kumaliza maili 50 za kwanza, ambazo ni kama kilomita 80, kwa sababu mzigo hujikalia njiani na kamba zikalegea. Ni kama dereva aliyetoka Nairobi asimame kabla ya kufika Naivasha, azunguke gari lake, avute kila kamba. Baada ya hapo, hukagua tena kila baada ya saa tatu au maili 150, kutegemea lipi linatangulia.

Kisha majimbo yao yana sheria zake. Ile ya California hunichekesha. Inasema gari lisipite barabarani ila liwe limeundwa, limefunikwa au limepakiwa kwa njia ambayo haitaruhusu kitu chochote kidondoke, kichujike, kivuje, kipeperuke wala kumwagika, isipokuwa vitu viwili pekee: maji safi, na manyoya ya ndege walio hai. Basi! Kuku akipoteza unyoya njiani anasamehewa. Chembe ya mchanga haisamehewi. Nimewaza ingekuwaje iwapo sheria hiyo ingeletwa kwetu kesho asubuhi. Nadhani barabara kuu ya Mombasa ingebaki na magari ya kuku tu.

Lakini hatuna haja ya kuazima sheria ng'ambo. Yetu iko, na ina meno. Tulichokosa ni macho ya kukiona kilichoanguka kwa jina lake halisi.

Sasa nirudi kwako, mama mwenye barua. Wewe si mwoga. Mtoto wako anakimbia kando ya tani kadhaa za miwa ambazo huenda hazikufungwa ipasavyo, zikivutwa na dereva asiyeweza kumwona wala kumsikia. Lakini usiishie kwa kumkanya mtoto. Mtoto wa miaka 11 akiona wenzake wakila miwa, maneno ya mama huwa mepesi. Zungumza na wazazi wenzako. Katika mkutano ujao wa shule, liwekeni jambo hili mbele ya mwalimu mkuu, na ombeni watoto wazuiliwe ndani hadi matrela yapite, au mtu mzima asimame pale mlimani saa za kutoka darasani. Mwalikeni chifu. Na mkiona trela limepakiwa hadi miwa inafagia barabara, andikeni nambari ya usajili, mahali, siku na saa, mpeleke kituo cha polisi. Muwa ulioanguka ni ushahidi wenu. Msiule kabla haujatoa ushahidi!

Kwako wewe baba, najua unasoma. Sikushutumu, maana tumetoka tumbo moja la miwa. Ni kweli ulivuta na hukukatwa mguu. Wengi wetu tulivuta tukarudi nyumbani na miguu yote miwili, na ndiyo sababu ni sisi tunaosimulia jinsi ilivyokuwa tamu. Ukipata nafasi, tafuta yule ambaye hakurudi hivyo, umwulize kama ilikuwa riziki. Jumamosi ijayo mchukue kijana wako sokoni, umnunulie muwa, mkae mle pamoja, na umweleze kwa sauti ya upole kwa nini hutaki tena avute. Akilisikia kutoka kwako litamwingia, kwa sababu wewe ndiwe uliyemruhusu. Mimi ningetoa kila nilicho nacho ili ile sauti ya “Vuta!” igeuke kuwa “Acha!”

Kwenu nyote mnaosafiri, msiliandame lori lililopakiwa vibaya. Kaeni nyuma kwa umbali wa kutosha hadi mpate nafasi salama ya kulipita. Na lori la mafuta likipinduka karibu na kwenu, kazi ni moja tu: ondokeni. Waiteni watoto, zimeni majiko, msiwashe pikipiki, nendeni mbali upande ule upepo unakotoka, na mpige simu kwa polisi kupitia 999 au 112. Jirani akikuita uje na mtungi, mvute mkono mwondoke naye. Atakutukana leo, atakushukuru kesho.

Nanyi madereva na matingo mnaofungia nyama gazeti hili baada ya kulisoma, kumbukeni kwamba tajiri akikataa kununua turubai, jina litakaloandikwa kwanza kwenye karatasi ya mashtaka ni lako. Vuta kamba mara ya pili. Dakika kumi hazijawahi kumfilisi mtu.

Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani kumsalimu yule rafiki yangu fundi viatu. Nikamsomea barua ya mama huyu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwambie baba huyo aje kwangu na mtoto. Sitawapa mahubiri. Nitawapa viti tu wakae, waniangalie nikisimama.”

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.